Uvimbe wa titi ulioonekana kwenye picha ya kifua: usiuache ndani ya bahasha

MTU akipigwa picha ya kifua kwa mashine ya CT hapa Nairobi, iwe ni Upper Hill, Parklands au kando ya Barabara ya Ngong, hukabidhiwa bahasha kubwa. Ndani mna filamu au diski, pamoja na karatasi mbili tatu za ripoti. Wagonjwa wengi hawaisomi ripoti hiyo. Huipeleka jinsi ilivyo kwa daktari aliyewatuma, naye hutazama lile jambo alilotaka kulijua. Akiona mapafu ni safi, humwambia mgonjwa ashukuru Mungu na aende nyumbani. Bahasha huwekwa juu ya kabati au chini ya godoro, na mambo huishia hapo.

Lakini mara nyingine, ndugu msomaji, mambo hayajaisha. Karibu na mwisho wa ripoti huenda kukawa na mstari mmoja usiohusu mapafu wala moyo. Mstari huo husema kwamba kuna uvimbe mdogo katika titi la kushoto au la kulia, na kwamba inafaa mgonjwa afanyiwe uchunguzi wa matiti. Mama huyo hakwenda kupimwa matiti. Alikwenda kwa sababu ya kikohozi, ajali au kubanwa na pumzi. Uvimbe umeonekana kwa bahati tu.

Bahati hiyo inaweza kuwa kubwa au ikapotea bure. Yote hutegemea kama kuna mtu atakayeufuatilia mstari huo. Leo tutaeleza uvimbe wa namna hiyo ni nini, wapimwe vipi wenye kupatikana nao, na wewe ufanye nini ukiwa na bahasha yako mkononi.

KWA NINI TITI HUONEKANA

Mashine ya CT ilitumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka wa 1971. Aliyeiunda ni Mwingereza Godfrey Hounsfield. Yeye pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa amefanya hesabu zake, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979. Mashine hiyo huzungusha miale ya eksirei kumzunguka mgonjwa, kisha kompyuta hutengeneza picha za mwili zilizokatwa vipande vyembamba kama mkate wa dukani.

Picha ya kifua huanzia chini ya shingo hadi juu ya tumbo. Kila kilicho katikati huingia ndani yake: mapafu, moyo, mbavu, uti wa mgongo, kwapa na matiti. Kwa hiyo daktari wa picha anayetafuta damu iliyoganda katika mapafu huyaona matiti pia, atake asitake.

Katika jiji letu watu hupigwa picha hii kwa sababu nyingi. Wapo walioanguka kutoka kwa bodaboda wakavunjika mbavu. Wapo wanaokohoa damu, wenye makovu ya kifua kikuu cha zamani, na wanaoshukiwa kuwa na damu iliyoganda baada ya kujifungua au baada ya upasuaji. Wakati wa janga la Korona, kuanzia mwaka wa 2020, wengine walipigwa picha hii kwa ajili ya mapafu. Wengi wa watu hao hawakuwa na dalili yoyote katika titi.

PICHA HII YASEMA NINI, NA HAISEMI NINI

Ni muhimu uelewe jambo hili mapema: picha ya CT si kipimo cha matiti. Inaweza kuonyesha kwamba kuna kitu, lakini haiwezi kukuambia kwa hakika kitu hicho ni nini.

Kuna sababu. Kwanza, mgonjwa hulala chali, na titi hulala bapa juu ya kifua, ukubwa na mahali pa uvimbe pakabadilika. Pili, kuna chembe ndogo mno za chokaa ambazo aghalabu ni dalili ya mapema ya saratani ya titi. Mamogramu huziona vizuri, lakini CT mara nyingi huzikosa. Tatu, ikiwa mgonjwa hakudungwa ile dawa ya kung'arisha picha kupitia mshipa, uvimbe mwingi hufanana na nyama ya kawaida ya titi na kutoonekana kabisa.

Kutokana na hayo, shika mambo mawili. Uvimbe ulioonekana kwenye CT si lazima uwe saratani. Na CT isiyoonyesha uvimbe si cheti cha kwamba matiti yako ni mazima. Kadhalika, hakuna haja ya kulipa tena ili upigwe CT nyingine "ionekane vizuri zaidi". Kipimo kinachofuata ni cha titi lenyewe.

Hata hivyo, kuna ishara ambazo daktari wa picha akiziona huwa na shaka zaidi. Ukingo wa uvimbe ukiwa na miiba au umeparuzaparuza kama nyota, ngozi ikiwa imekuwa nene, chuchu ikiwa imevutwa ndani, uvimbe ukinyonya sana ile dawa ya kung'arisha, au tezi za kwapani zikiwa zimevimba upande huohuo, hapo hapana kungoja. Kwa upande mwingine, uvimbe wenye chokaa kubwa kubwa mfano wa bisi kwa kawaida ni uvimbe wa zamani usio na madhara.

Lakini tahadhari: kuna saratani zenye ukingo laini na mviringo mzuri, hasa baadhi ya zile zinazokua upesi. Kwa hiyo asikutulize mtu kwa kusema tu kwamba uvimbe wako ni laini na wa mviringo.

Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimetoa hesabu zinazotofautiana sana. Lakini katika kadhaa kati yake, miongoni mwa wale ambao daktari wa picha aliona uvimbe wao wafaa kutajwa na wakapimwa hadi mwisho, takriban robo hadi theluthi walikutwa na saratani. Ukisoma hesabu hiyo kwa upande mmoja, wengi hawakuwa na saratani. Kwa upande wa pili, hiyo si hatari ndogo ya kuachwa chini ya godoro.

SI KILA UVIMBE NI SARATANI

Katika titi la mwanamke mna mambo mengi yanayoweza kuonekana kama donge. Kwa wasichana na wanawake vijana, linalopatikana sana ni fibroadenoma, yaani donge gumu linaloteleza ukiligusa na lisilo saratani. Kwa wanawake walio karibu na kukoma hedhi, vifuko vya maji ni vya kawaida. Kwa mama anayenyonyesha huenda ikawa ni jipu au maziwa yaliyoziba.

Aliyegongwa kifuani kwenye ajali, au aliyebanwa vikali na mkanda wa gari, anaweza kupata donge la mafuta yaliyokufa ndani ya titi. Donge hilo hufanana mno na saratani kwenye picha, hata likamtia mashaka mtaalamu.

Kwetu hapa Kenya lazima pia tukumbuke kifua kikuu. Ugonjwa huo haushiki mapafu tu. Mara chache hushika titi, na mara nyingi zaidi hushika tezi za kwapani, ambazo zikivimba wengi huziita mitoki. Virusi vya Ukimwi navyo huvimbisha tezi. Hivyo mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu, uvimbe wa titi na mitoki ya kwapani anaweza kuwa na kifua kikuu, saratani, au vyote viwili. Hakuna daktari awezaye kutofautisha hayo kwa macho. Atahitaji nyama kidogo ya kupeleka maabara.

HATUA TATU ZISIZORUKWA

Uchunguzi wa uvimbe wa titi una hatua tatu, na kila moja huitegemea nyingine.

Hatua ya kwanza ni kuulizwa na kupapaswa. Daktari atakuuliza umri wako, hedhi, uzazi, dawa unazotumia, na kama mama, dada au shangazi yako aliwahi kuugua saratani ya titi au ya ovari. Kisha atakupima matiti yote mawili na makwapa yote mawili, siyo upande uliotajwa kwenye ripoti peke yake. Usishangae asipohisi kitu. Uvimbe mdogo, au ulio ndani karibu na mbavu, unaweza kuonekana kwenye picha na usishikike kwa mkono. Kutoshikika si sababu ya kufunga faili.

Hatua ya pili ni picha za titi lenyewe. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 30, kwa kawaida huanzwa na ultrasaundi, kwa sababu titi la ujanani limejaa nyama nzito na mamogramu huona ukungu mtupu. Kwa aliye na miaka 40 na zaidi hufanywa mamogramu pamoja na ultrasaundi. Aliye kati ya hapo, daktari huchagua kulingana na hali yake. Mjamzito na mama anayenyonyesha wanaweza kupigwa ultrasaundi bila hofu, kwa kuwa haitumii miale.

Hapa ndipo penye kosa linalotokea kwa urahisi. Mgonjwa huenda kupigwa ultrasaundi bila kubeba ile picha ya CT. Fundi hutafuta, huona kifuko cha maji upande mmoja, huandika kwamba ni kifuko cha maji, na wote hufurahi. Kumbe uvimbe uliotajwa kwenye CT uko mahali pengine katika titi lilelile! Kwa hiyo beba diski na ripoti. Mwombe mtaalamu alinganishe. Mahali pa uvimbe hutajwa kama saa ya ukutani, mathalani saa mbili katika titi la kushoto, na umbali wake kutoka kwenye chuchu kwa sentimita. Ripoti ya pili inapaswa kusema waziwazi kama kilichoonekana sasa ndicho kile kilichoonekana kwenye CT.

Ikiwa mamogramu na ultrasaundi hazikuuona uvimbe, na CT iliuonyesha dhahiri, hiyo nayo si ruhusa ya kwenda nyumbani. Daktari anaweza kuagiza picha ya MRI ya matiti. Ukiwa na picha za miaka ya nyuma zilete pia, kwa maana uvimbe uliokaa vilevile miaka mingi si sawa na uliojitokeza juzi.

Mwishoni mwa ripoti ya titi utaona alama iitwayo BI-RADS, iliyobuniwa na wataalamu wa picha wa Marekani. Sifuri maana yake uchunguzi haujakamilika. Moja na mbili ni salama. Tatu maana yake yaelekea ni salama, uwezekano wa saratani hauzidi 2 kwa 100, na kwa kawaida picha hurudiwa baada ya miezi 6. Nne ina shaka na yahitaji sindano. Tano ina shaka kubwa, uwezekano ukiwa 95 kwa 100 au zaidi. Sita hutumiwa kwa yule ambaye saratani yake imekwisha kuthibitishwa.

Hatua ya tatu ni kuchukua nyama kidogo, yaani biopsi. Njia inayopendelewa siku hizi ni sindano nene, inayotoa vipande vyembamba kama uzi. Hufanywa kwa ganzi, mara nyingi daktari akitazama kwa ultrasaundi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Sindano nyembamba inayonyonya chembe ni ya bei nafuu na hufaa kwa vifuko vya maji na mitoki, lakini haitoi habari zote. Si vema kukimbilia chumba cha upasuaji na kulikata donge lote kabla ya kujua ni nini. Likikatwa bila mpango na baadaye ikabainika ni saratani, huenda mgonjwa akahitaji kupasuliwa tena.

Jambo moja kwa wale waliopigwa CT kwa sababu ya damu iliyoganda. Huenda unatumia dawa za kuzuia damu isigande. Mwambie daktari kabla ya kudungwa sindano ya biopsi. Lakini usiache dawa hizo kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa kuwa kuziacha ghafla kwaweza kukuua upesi kuliko uvimbe huo.

Ile nyama ikishatolewa hutiwa ndani ya fomalini. Isikae humo chini ya saa 6 wala kupita saa 72 kabla ya kushughulikiwa maabarani, kwani vipimo vya baadaye vyaweza kuharibika. Ukikabidhiwa chupa uipeleke maabara wewe mwenyewe, kama inavyotokea mara nyingi, ipeleke siku hiyohiyo. Isilale nyumbani hadi Jumatatu.

MAJIBU YAKIRUDI

Majibu ya maabara husomwa pamoja na picha, siyo peke yake. Ikiwa picha ilionekana salama na maabara yasema salama, hapo pana utulivu wa kweli. Ikiwa picha ilionekana mbaya na maabara yasema salama, mambo hayo mawili hayapatani. Yawezekana sindano ilikosa shabaha. Biopsi hurudiwa. Usikubali kuambiwa "nenda tu" katika hali hiyo kabla ya kuuliza kama majibu yote yanapatana.

Ikiwa ni saratani, maabara yapasa kupima pia vipokezi vya homoni na kile kinachoitwa HER2. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua dawa. Mgonjwa mmoja atahitaji vidonge vya homoni, mwingine dawa kali za kemikali, mwingine dawa ya kulenga HER2. Kuanza dawa bila vipimo hivyo ni kupiga mshale gizani. Na ile CT yako ya mwanzo usiitupe. Yaweza kumsaidia daktari kujua kama ugonjwa umefika mapafuni au la.

Tukumbuke ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka wa 2020 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya karibu 6,800 wa saratani ya titi, wengi kuliko wa saratani nyingine yoyote nchini. Wengi wa akina mama wetu hufika hospitalini ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Aliyepatikana na uvimbe mdogo kwa bahati, kabla haujashikika kwa mkono, amepewa nafasi ambayo wengine hawakuipata. Saratani ya titi ikigunduliwa mapema hutibika.

NAIROBI, UANZIE WAPI?

Mtu wa Kangemi, Kawangware, Uthiru au Dagoretti hana haja ya kuanza kwa hospitali ya bei kubwa. Anaweza kwenda kwenye kituo cha afya cha umma kilicho karibu au hospitali ya kaunti kama Mbagathi, akaonyesha ripoti na kuomba barua ya rufaa. Hospitali Kuu ya Kenyatta ina madaktari wa upasuaji, wa picha, maabara na wa saratani mahali pamoja. Vilevile iko hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta upande wa Barabara ya Thika. Kwa wenye uwezo au bima, hospitali za Aga Khan na M.P. Shah ziko Parklands, na Nairobi Hospital iko upande wa Hurlingham.

Uliza bei kabla, tena uliza bei ya hatua zote: picha, sindano, maabara, na vile vipimo vya vipokezi ambavyo mara nyingi hulipiwa kando. Halmashauri ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Hakikisha umejiandikisha na michango yako imelipwa, kisha uulize pale kaunta ni kipi kinagharamiwa kabla hujatoa pesa mfukoni.

Kila Oktoba hospitali kadhaa hupima matiti bure au kwa bei nafuu. Hilo ni jambo jema kwa asiye na dalili yoyote. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka wa 2018 uliwashauri wanawake wa miaka 40 hadi 55 wapigwe mamogramu kila mwaka, na wa miaka 56 hadi 74 kila baada ya miaka miwili. Lakini wewe ambaye uvimbe wako umekwisha kuonekana si wa foleni hiyo. Usingoje Oktoba. Ukifika kaunta sema wazi: "Sikuja kupimwa kwa kawaida. Nina ripoti inayosema nina uvimbe." Utahudumiwa kwa njia tofauti.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Je, ni kweli sindano huamsha saratani ikasambaa? La. Imani hiyo imewaua wengi kwa kuwafanya wangoje. Ugonjwa husambaa kwa sababu umeachwa ukue. Sindano ndiyo inayotuonyesha adui ni nani.

Sina maumivu. Kwa nini nijisumbue? Uvimbe mwingi wa saratani hauumi mwanzoni. Maumivu si kipimo cha hatari, na kutokuwa nayo si kipimo cha usalama.

Nijaribu kwanza dawa za miti shamba kwa miezi michache? Miezi michache ndiyo hasa usiyoweza kuipoteza. Ukijua donge ni nini, utaamua mengine ukiwa na maarifa.

Je, nitakatwa titi? Pengine hakuna saratani kabisa. Na hata ikiwepo, uvimbe mdogo mara nyingi huweza kuondolewa na titi likabaki, kisha yakafuata matibabu ya miale. Anayechelewa ndiye anayepunguza njia zilizobaki.

Nimwambie bwanangu? Hilo ni lako kuamua, lakini safari hii ni ndefu kwa mtu mmoja. Kwenu akina baba: mkeo akikuonyesha karatasi hiyo, usiulize kwanza gharama ni ngapi. Uliza miadi ni lini, na umsindikize.

AKINA BABA NAO WANA MATITI

Karibu mgonjwa mmoja kati ya 100 wa saratani ya titi ni mwanamume. Ripoti ya CT ya mwanamume inaweza kutaja nyama iliyokua nyuma ya chuchu. Mara nyingi huwa ni kukua kwa titi kusiko saratani, kunakoletwa na uzee, ugonjwa wa ini, pombe nyingi, au dawa kama spironolactone ya moyo na efavirenz iliyotumiwa sana kwa wenye virusi vya Ukimwi. Lakini uvimbe ulio upande mmoja, mgumu, usiokaa katikati ya chuchu, au chuchu inayotoa damu, ni lazima upimwe kwa hatua zilezile tatu. Mwanaume asione haya kuketi kwenye foleni ya mamogramu.

UFANYE NINI WIKI HII

Itoe ile bahasha. Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo soma ukurasa wa mwisho ukitafuta neno "breast" au "axilla", yaani titi au kwapa. Usipoelewa, mpe muuguzi au mwanao aliyesoma akusomee.

Ukikuta uvimbe umetajwa, rudi kwa daktari aliyekutuma, hata kama alikuwa wa mapafu, wa moyo au wa mifupa. Mwulize swali moja: "Nani atakayefuatilia uvimbe huu?" Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Daktari wa mapafu hudhani daktari wa picha amekuambia. Daktari wa picha hudhani wa mapafu atakuambia. Mgonjwa naye hudhani kwamba kama kungekuwa na tatizo angeitwa. Hivyo watu watatu hungojeana, na uvimbe haumngojei mtu.

Usiondoke bila barua ya rufaa, jina la kliniki na tarehe. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda. Ukiambiwa urudi baada ya miezi 6, andika na hiyo pia, kwa sababu hakuna atakayekupigia simu. Weka picha zote katika mfuko mmoja, na kila uendako nenda nazo.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka wa 2021 kuhusu saratani ya titi, liliweka lengo kwamba mgonjwa akishafika hospitalini, uchunguzi wote na kuchukua nyama ukamilike ndani ya siku 60. Basi hesabu siku zako kuanzia ile tarehe iliyopigwa chapa juu ya ripoti. Ikiwa 60 zimekwisha kupita, usivunjike moyo wala usione aibu kurudi. Chukua bahasha, panda matatu ya asubuhi, na uende leo.